Diski Mpya za Gari Jekundu

Moyo wangu ulikuwa kwenye zile zenye matundu. Muuza vipuri wa Dar es Salaam alinitumia kwenye simu picha mbili za diski za breki: jozi moja imetobolewa matundu mduara mzima, inameremeta, nyingine nzima, nene, haina mbwembwe yoyote. Gari langu ni jekundu, la mbio, la viti viwili, na limenizidi umri. Gari la namna hiyo unalivalishaje vyuma vitupu?

Fundi wangu pale Mbinga aliitazama simu akacheka. "Dada, unashuka Mbamba Bay au unaenda harusini? Ule mteremko unachemsha breki mpaka zinanuka. Joto likizidi, nyufa zinaanzia kwenye hayo matundu. Chukua nzima."

Niliumia, lakini niliagiza nzima. Sababu ni Baba. Mara ya mwisho nilipompeleka kwa dada yake kule ziwani, Mbamba Bay, diski za zamani zilikuwa zimeshalika. Katikati ya mteremko breki zikagoma, nikalisimamisha gari kwa gia na Salamu Maria. Baba alishuka, akasubiri basi, na tangu siku hiyo akaapa kwamba hapandi tena "hicho kidude". Angeweza kwenda kwa basi daima, najua. Mimi nilitaka akae pembeni yangu.

Diski zilipofika nilizibeba kifuani kama mtoto mchanga. Nilizifuta mafuta ya kiwandani, nikazilaza nyumbani kwenye kichanja cha Baba cha kuanikia kahawa, nikakimbia kumwita fundi. Tuliporudi ziling'aa kupita kiasi. Fundi akapitisha kidole, akakiinua tukione: grisi.

"Shikamoo mzee," alimwambia Baba, aliyekuwa ameinamia mashine yake ya kumenyea kahawa. "Nani kapaka grisi huku?"

"Marahaba. Mimi." Kopo lilikuwa bado mkononi mwake. "Mvua zote hizi, chuma kipya mnakiacha kikavu? Hii mashine yangu kila masika naipaka, na haijawahi kuota kutu."

"Mzee, breki yenye grisi haikamati. Mngeenda kusimama ndani ya ziwa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikazigeuza zile diski: alikuwa amepaka mpaka nyuma, mpaka kwenye vijitundu vya nati, kwa kidole, bila kuruka mahali. Hivyo ndivyo anavyopaka vitu vyake. Sijawahi kufurahia uharibifu namna ile.

Baba hakucheka. Alitaka petroli na kitambaa, akatusogeza pembeni, akazisugua mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kila mara akimwambia fundi ajaribu tena kwa kidole. Fundi alipokaza nati ya mwisho, Baba alikuwa ameshanawa na kuvaa koti lake la kanisani.

"Mpigie shangazi yako," alisema. "Mwambie tunashuka."