Breki ya Mkono Isiyo na Mkono

Zamani breki ya mkono ilikuwa na mkono. Unavuta mpini, nao unalia krrr, gari linatulia. Ikilegea unamwita mtu mwenye spana, anaingia chini ya gari, anakaza kebo, anatoka na grisi usoni na heshima yake mkononi. Katika gereji moja ya mabati, iliyobanana kati ya duka la vioo na ukuta wa shule, mtu huyo alikuwa Breki. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Mkewe aliitwa Mama Taa. Alianza kwa kubadilisha balbu za taa za mbele, wakati mumewe akishughulika na mambo aliyoyaita mazito. Kutoka balbu akaingia kwenye swichi, kutoka swichi akaingia kwenye waya, mwisho akanunua mashine ya kusoma makosa ya gari, kidude cha kushika mkononi chenye kioo na plagi. Siku ile Breki alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Watu wananunua televisheni ya sebuleni, mke wangu kanunua ya gari!"

Cheko lile halikudumu. Magari yakaanza kuja bila mpini katikati ya viti. Mahali pa mpini pamekaa kitufe, na kwenye gurudumu la nyuma, pale ilipokuwa ikiishia kebo, imefungwa mota ndogo. "Kidole kimoja hakivunji chawa," Breki alisema alipoona kitufe kile mara ya kwanza, "halafu hawa wanataka kisimamishe gari zima!" Na wateja, wale wale waliokuwa wakipiga honi na kuita "Breki!", sasa walichungulia ndani na kuuliza, "Mama Taa yupo?"

Tusimfichie: aliona wivu. Wivu wa mapenzi una nafuu, mtu anaweza kumsimulia rafiki na akaonewa huruma. Lakini mume utamwambia nani kwamba unamwonea wivu mkeo kwa sababu ya kazi? Breki akaona aibu, akatafuta wivu mwingine wa kuuvaa juu ya huu, kama mtu anayefunika shati bovu kwa koti. Ndipo akampata Daktari.

Alikuwa daktari wa meno. Shati limenyooka, kucha safi, sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu kwamba haitauma. Gari lake lilikuwa la kitufe, na yeye ndiye aliyeanza kumwita Mama Taa "Injinia".

"Injinia wa nini?" Breki alimuuliza mkewe jioni moja wakifunga gereji.

"Muulize mwenyewe."

"Anakuchekea sana yule."

"Ana meno mazuri. Anayaonyesha."

Siku Daktari alipoleta gari kubadilisha pedi za breki za nyuma, alikuja na habari nyingine. Kaka yake alikuwa na kampuni ya malori na karakana kubwa yenye sakafu ya saruji, na alikuwa anatafuta fundi umeme wa kudumu. "Nimempa jina lako, Injinia. Ila kaka yangu haamini maneno. Ameniambia, lete hilo gari nione kama kweli limetengenezwa."

Mama Taa aliitikia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuiamsha bahati. Breki aliyasikia yote akiwa nyuma ya boneti iliyofunguka. Aliwaza kuamka asubuhi na kuja gerejini peke yake. Moyo ukamchoma, na alichukia kwamba umemchoma.

Mama Taa alikuwa na ahadi ya kumpeleka mama yake hospitali. Alinawa mikono, akamgeukia mumewe.

"Pedi ni kazi yako, baba watoto. Ila usiisukume pistoni mpaka nirudi. Lazima kwanza niirudishe mota nyuma kwa mashine."

"Nimesikia."

Alisikia, tena sana. Alisikia kwamba katika breki, kazi aliyoijua kabla hajamjua yeye, sasa asubiri ruhusa ya mkewe! Mama Taa alipokata kona tu, Breki alitoa tairi, akatoa pedi zilizoisha, akaweka klampu, kile chuma cha kubania, na kuisukuma pistoni inayokandamiza pedi. Ikagoma. Akaongeza nguvu. Ndani ya mota kitu kikasema tk, sauti ndogo tu, ya njugu kupasuka. Pistoni ikaingia. Akafunga pedi mpya, akabonyeza kitufe, breki ikashika, akabonyeza tena, ikaachia.

"Mashine ya nini?" akaliuliza gari.

Haikupita wiki, Daktari akarudi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Mara breki inashika, mara inagoma, na mara ikishika haitaki kuachia, gari linaburuta kama mtoto anayekataa shule.

Mama Taa alichomeka mashine. Ikamwambia gurudumu la nyuma la kulia, mota haimalizi kazi. Alianza pale anapoanza kila mwenye akili, kwenye betri, maana betri ikichoka kidogo tu breki hizi huleta ugomvi. Betri ilikuwa nzima. Akapima kitufe. Kizima. Akamwendea mumewe.

"Siku ile uliisukuma pistoni kabla sijarudi?"

Breki alikuwa anapiga msasa diski, na hakuinua uso. "Kwani mimi mtoto?"

Mama Taa aliamini. Hapo ndipo penyewe: aliamini. Kama pistoni haikusukumwa, mota ni nzima, na kinachoshika na kuachia ovyo ni waya uliokatikia ndani ya ganda lake. Akaingia kwenye waya. Alivua plastiki za milangoni, akainua kapeti, akang'oa kiti cha nyuma, akalala chali siku nzima na kesho yake akalala tena, tochi mdomoni, akiupapasa waya kutoka kwenye kitufe hadi kwenye gurudumu. Breki alikaa pembeni na kikombe cha chai. Sehemu yake moja ilitamani kusema. Sehemu nyingine, iliyonona zaidi, iliwaza: asipoliona kosa, kaka wa Daktari atatafuta mwingine, na Mama Taa atabaki hapa hapa. Akanywa chai.

Daktari alipokuja kuulizia gari lake, aliukuta uso wa Mama Taa umepauka. Hakukuwa na waya uliokatika. Kilichobaki ni kuifungua mota yenyewe. Alilegeza skrubu mbili, akaichomoa, akaifungua kifuniko juu ya meza, na watatu wakainama pamoja.

Gia ndogo ya plastiki ilikuwa na mapengo.

Daktari aliiokota kwa vidole viwili, akaipeleka kwenye mwanga. Kwa mara ya kwanza katika gereji ile alikuwa kwenye fani yake.

"Meno haya hayakuoza," alisema. "Yamevunjwa. Kuna mtu alitumia nguvu."

Mama Taa aliitazama gia, kisha akayatazama makoti, klampu na spana zilizoning'inia ukutani, kila mahali isipokuwa usoni kwa mumewe.

"Ni mimi, Daktari," alisema. "Nilisahau kuirudisha mota kabla pedi hazijafungwa. Kosa langu. Nitanunua nyingine nikufungie."

Daktari aliirudisha gia mezani taratibu. Macho yake yalikwishasema: nitamwambia nini kaka yangu?

Basi, hapo Breki alikuwa amepata kila alichokitaka. Mkewe haendi tena kwenye karakana ya saruji, Daktari hatamwita tena Injinia, na hakuna aliyemgusa. Kilichotakiwa kwake ni kuendelea kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekwishazoea. Lakini hasira ilimpanda. Amesitiriwa! Mbele ya mwanamume mwenye kucha safi, mkewe amemfunika kama mtoto aliyejikojolea. Wateja kawachukua, sifa kachukua, na sasa, Mungu wangu, hata kosa alilolifanya kwa mikono yake mwenyewe, na hilo amelichukua.

"Lirudishe!" alifoka.

"Nirudishe nini?"

"Kosa langu! Wateja wote umechukua, mama, hili niachie! Daktari, mota nimevunja mimi. Aliniambia nisisukume, nikasukuma. Kwa klampu ile pale. Ikalia tk, nikaisikia."

"Baba watoto, nyamaza, nimeshasema ni mimi."

"Wewe ulikuwa hospitali na mama yako, utavunjaje?"

Daktari aliwatazama huyu na huyu. "Mimi wagonjwa wangu nikiwauliza nani kala peremende, hakuna anayeinua mkono," alisema. "Hapa mnagombea."

Mama Taa alikuwa amekwishajua tangu alipoyaona mapengo, lakini kujua ni kitu kimoja na kusikia ni kingine. Akamgeukia mumewe.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nimelala chini ya kiti siku mbili nakula vumbi, na wewe unakunywa chai."

Breki alichukua spana ndogo ya nyota, akapiga magoti kwenye gurudumu lililokuwa bado limeng'ang'ania, akaiingiza mahali mota ilipotoka, na kuanza kuizungusha pistoni irudi, polepole, kwa mkono. Gurudumu likaachia.

"Kumbe bado ina mkono," alisema Mama Taa, kwa ukali, lakini alisema.

Mota mpya ilipopatikana walifunga wote wawili. Mama Taa alimshikisha mumewe ile mashine na kumwonyesha pa kubonyeza, na Breki akabonyeza kwa kidole kile kile alichokuwa akikitukana. Mota ikalia, ikashika, taa nyekundu ikazimika. Daktari aliendesha gari mpaka kwa kaka yake.

Jumatatu Mama Taa aliondoka na ovaroli mpya kwenda kwenye karakana ya saruji. Mashine aliiacha juu ya meza.

"Kabla ya kusukuma pistoni unafanya nini?"

"Narudisha mota."

"Na ukikwama?"

Breki aliutazama mlango. "Nakupigia simu."

Hakuwa amekunywa hata chai gari la kwanza lilipoingia, lina kitufe katikati ya viti. Dereva alishusha kioo, akatazama ndani, akatazama kulia na kushoto.

"Mama Taa yupo?"

Wivu ulikuwa pale pale, haukuhama na ovaroli. Breki aliumeza kwa shida, akajifuta mikono na kuichukua mashine.

"Ana kazi kubwa siku hizi," alisema. "Zima gari. Ngoja nimpigie."