Mlio Upande wa Pili wa Ukuta

Bilan, anayeuza maziwa hapa mtaani Waberi, ananiambia, "Wallahi huyo jirani yako anaroga. Huo unga mweusi ni wa nini?" Jirani ni mwalimu wa maabara, na mguu wake wa kushoto ni wa bandia, wa kujitengenezea. Unga wenyewe ni mirija ya kaboni, midogo hata jicho haliioni. Huvaa barakoa na glovu, akautia kidogo tu kwenye gundi ya epoksi anayoumbia mguu, kisha hukoroga polepole mpaka madonge yaishe, kama mtu anayepikia mtoto uji. Mwisho huongeza mpira wa majimaji, ili gundi ikikauka isipasuke kama sahani. Hubana kipande kilichokauka mezani na kukikunja mpaka kivunjike, apime uimara wake. Mimi husikia kupitia ukutani nikinyonyesha: tak! Mtoto hushtuka. Yeye husema tu, "Haya," kisha huanza upya.

Mguu wa kwanza ulipasuka soko la mbuzi, akaanguka mbele ya watu. Tangu hapo ni kazini na nyumbani tu, kwa magongo. Wiki hii mlio umebadilika, umekuwa mzito, kama tawi bichi linalokataa kukatika. Leo asubuhi amesimama mlangoni kwangu na mguu mpya, bila magongo, kiganja kimoja ukutani.

"Abaayo, dada yangu, naenda soko la mbuzi. Mbebe mtoto mgongoni, unifuate nyuma. Ule mlio unaujua. Ukiusikia unaanza, niambie kabla sijaanguka."