Neno Nililoomba Liongezwe

Mdogo wangu alikata roho saa nne asubuhi kwenye benchi ya kliniki pale Misikhu, kichwa chake juu ya paja langu. Pumzi yake ilinuka kama ndizi iliyoiva ikapitiliza. Gari la dawa kutoka Kitale lilifika saa nane. Dereva akashuka akiuliza nani ataweka sahihi.

Sote wawili tuna ugonjwa wa sukari. Tuna, bado nasema tuna. Friji hatukuwa nayo, kwa hiyo insulini tuliihifadhi kwenye chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga, na kila asubuhi tuliumwagia maji. Kikundi chetu kilikuwa na watu kumi na tatu. Kiongozi ni mimi, ingawa shule niliiacha darasa la tano.

Kila mwezi karani wa kliniki alipiga orodha yetu kwenye kompyuta: jina, na kando yake namba. Mwezi mmoja niliandikiwa 2, nikaletewa sindano mbili, dawa hakuna. Nikaenda kusimama mlangoni kwake. Nikikasirika huwa siwezi kukaa.

"Andika chupa," nikamwambia.

"Mama, si juu pameandikwa ni dawa?"

"Na sindano si walileta wakasema ni dawa? Andika chupa. Kila mstari."

"Haya bana. Chupa, chupa, chupa. Utadhani tunaagiza soda."

Foleni nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka.

Mwezi uliofuata sanduku la baridi la dawa likafunguliwa. Vituo vingine walipata, sisi hakuna hata moja. Karani akapiga simu. Kitale wakajibu ati jumla ya Misikhu ni sifuri, tungoje watarekebisha. Tulingoja siku tisa. Duka la dawa la Webuye walikuwa nayo, lakini bei yake haikushikika.

Chunguni ilibaki chupa moja. Nikasema tugawane. Kila asubuhi mdogo wangu akaniambia, "Choma wewe, dada, mimi nimeshachoma." Siku ya saba niliinua ile chupa dirishani. Ilikuwa imeshuka kwa kipimo changu peke yangu. Nilimlazimisha kuchoma siku hiyo, nikishika mkono wake kama wa mtoto. Dawa ilikuwa kidogo, na tulikuwa tumechelewa.

Baada ya mazishi nilienda stoo ya dawa Kitale. Bwana wa stoo akanigeuzia skrini.

"Mama, ukiandika neno pamoja na namba hivi, kompyuta haijumlishi. Kwake yote ni maneno."

Akafuta neno kila mstari, akaacha 2. Akafungua mahali pa kuchagua namba ionekane vipi, akaliweka neno huko. Skrini ikaonyesha chupa 2 ileile, na chini sifuri ikageuka 26. Chai yake mezani ilikuwa bado inatoa moshi.

"Kumbe ulijua."

"Tulifundishwa wote, mama. Hata karani wenu alikuwepo."

Nikatoka nikatembea hadi stendi, nikarudi getini, nikaenda tena stendi. Hata sasa naandika huku nainuka.

Neno niliomba mimi, na nitalibeba. Lakini karani alifundishwa na akaandika hovyo. Bwana wa stoo alisoma mstari wa chini tu, majina yetu kumi na tatu yakiwa juu yake. Na daktari msimamizi wa kliniki aliniletea barua, ati ni hitilafu ya mtambo. Mtambo haukutia sahihi. Kwenye karatasi ya oda, chini ya ile sifuri, kuna sahihi, niliiona kwa macho yangu, na ni ya daktari huyohuyo.

Basi aje Misikhu. Akae kwenye benchi ile, mbele ya sisi kumi na wawili, atujibu: alipoona sifuri, alidhani tumepona?