Karatasi za Duara

Mtu anayejua kutunza kinyongo kikakaa kisichache, pale Geita, ni Nyamizi, daktari wa mifugo. Usimwone anavyotaniana na wafugaji ukadhani moyo wake ni mwepesi. Mkosee leo, atakucheka, atakuuliza habari za watoto, na siku yako ikifika utamjua.

Alizaliwa kule Mhunze, kwenye kaya yenye ng'ombe wengi na mabinti wasiosikilizwa. Akasoma, akapata kazi, akaolewa na Deusdedit, mnunuzi wa dhahabu mwenye maneno matamu. Wakapata binti mmoja, Nelly, na mbwa mmoja. Huyo mbwa Nyamizi alimtoa mwenyewe kwenye shimo la wachimbaji lililoachwa, kadogo, kanalia. Wachimbaji shimo lao huliita duara, basi na yeye akamwita Duara. Alimnywesha maziwa kwa bomba la sindano mpaka akaweza kusimama.

Deusdedit akampata Suzana, mrembo wa dukani, akamwacha mkewe. Haya, si angeondoka na nguo zake? Thubutu! Aliita wazee wa ukoo wake, wakakaa, wakakohoa, wakasema mbwa ni wa kaya na kaya ni ya mwanamume. Duara akavutwa kwa kamba mpaka kwenye gari, huku anageuka kumtazama Nyamizi. Nyamizi hakulia mbele yao. Aliwasindikiza wazee mpaka njiani, akawaaga kwa heshima zote, na moyoni akasema: Deus, hili nitakurudishia mbele ya hawahawa.

Miaka ikapita. Suzana naye akampata wake, fundi mitambo wa Kiholanzi ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha. Wakafunga ndoa bomani. Suzana alihama kwa Deusdedit na mbwa juu, akaapa kwamba Ulaya haendi bila Duara. Tusimwonee, mbwa yule alimpenda kweli. Sasa karatasi za kumsafirisha mbwa nje ya nchi zinaanzia kwa daktari wa mifugo, na daktari mwenyewe ndiye huyo.

Asubuhi moja Suzana akaingia ofisini, kamba mkononi. Miaka yote walipokutana sokoni alikuwa anageuza shingo.

"Shikamoo, dokta."

Nyamizi akawa anatafuta kalamu.

"Shikamoo, dokta."

"Sijasikia."

"Shikamoo!"

"Marahaba. Kumbe salamu unaijua."

Duara hakuwa na habari na ugomvi wao. Alishampanda Nyamizi mapajani, anamlamba uso mzima, analia kama mtoto aliyepotea sokoni. Suzana akaangalia chini.

Nyamizi akamweleza utaratibu. Kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi ya shingo, ndipo chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukitanguliza chanjo, huko Ulaya haihesabiki. Ukipita mwezi, inatolewa damu, inapelekwa maabara ya nje kupimwa kama chanjo imeshika. Ikishika, kusubiri miezi mitatu toka siku ya damu, halafu cheti cha afya. Pakikosewa mahali pamoja, mbwa anarudishwa palepale uwanja wa ndege.

Chipu ikawekwa, chanjo ikachomwa. Siku moja kabla ya kutoa damu, nani huyo anapitia mlango wa nyuma? Deusdedit, amekonda, shati halijapigwa pasi.

"Mama Nelly, nisaidie. Bila Duara Suzana haendi, namjua. Iharibu hiyo damu. Wewe ni mtaalamu, nani atajua?"

"Na mimi napata nini, Baba Nelly?"

"Duara. Suzana akirudi kwangu, mbwa namleta kwako siku hiyohiyo. Naapa."

Mayo! Duara arudi nyumbani, alale mlangoni kama zamani! Usiku na mchana alikuwa akikitamani hicho. Akamwambia atafikiria.

Kesho yake Suzana alimshika mbwa, Nyamizi akaingiza sindano mguuni. Duara hakutikisika, alimwekea kichwa begani tu. Damu ikajaa kwenye kichupa. Suzana alipotoka, Nyamizi alikaa na kile kichupa. Kingeachwa dirishani juani, basi, mbwa angekuwa wake. Lakini Deus naye angepata alichotaka, akae barazani na Suzana wake, anacheka. Nyamizi akakiona kile kicheko. Akainuka, akaishughulikia damu inavyotakiwa, akaifunga kwenye barafu, akaituma.

Kisha akampigia Deusdedit. "Nimeiharibu. Majibu nitayatengeneza mwenyewe, ya uongo, ofisa wa uwanja wa ndege Mwanza atayakataa, watakwama hapo. Wewe usimsumbue Suzana, usimpigie hata simu, asije akashtuka. Siku ya safari nenda uwanjani na wazee wa ukoo. Mke harudishwi na mtu mmoja."

Deusdedit akatulia. Akapaka nyumba rangi. Miezi mitatu hakwenda kumbembeleza Suzana hata mara moja.

Kwenye cheti, penye jina la mwenye mbwa, Nyamizi aliandika Suzana, kwa herufi kubwa.

Siku ya safari alikwenda nao Mwanza kumtuliza Duara kwenye kizimba. Deusdedit alikuwa ameshafika, koti jipya, na wazee wake walewale wamepangwa kwenye benchi na fimbo zao. Ofisa akapitisha mashine shingoni mwa mbwa, ikalia. Akasoma karatasi moja moja, akagonga mihuri, akasema, "Safari njema." Kizimba kikasukumwa ndani, Suzana na mumewe nyuma yake. Duara alibweka mara moja, akamtazama Nyamizi kama siku ile ya kamba.

Wazee wakasubiri. Ndege ikaruka.

"Mama Nelly," Deusdedit akasema, "mbona hawarudi?"

Nyamizi hakumjibu yeye. Akapiga goti mbele ya wazee, akawaamkia mmoja mmoja, wakaitikia.

"Wazee wangu, mlinifundisha wenyewe. Mbwa ni wa kaya. Kaya imehamia Uholanzi."

Hakuna aliyekohoa.

Kwenye basi alilia toka Mwanza mpaka darajani Busisi, akimlilia Duara. Lakini muulize leo kama angerudia, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.