Gari Lililokunywa Maji ya Susu

Hata leo nikinusa maji ya rejeta yanayochemka, ile harufu ya kutu na chuma cha moto, nakunja uso. Ndiyo harufu ya kiangazi kile nilipokuwa darasa la tano, kwetu Migwani, Baba aliponunua gari la viti vinane. Susu, mama yake Baba, alikuwa amebaki peke yake Kyuso na miguu imeanza kumsumbua. Baba alisema gari ni la kumleta akae nasi, anyooshe miguu njia nzima. Mchungaji aliliombea, majirani wakapanda kujaribu viti. Lakini chini ya boneti, jamani, kilikuwa kisirani kitupu! Rejeta ilivuja, ikazibwa, ikavuja tena. Kila safari ilitaka mtungi mzima wa maji, na maji hayo aliyatafuta nani? Mimi na Mama. Tulishuka mtoni alfajiri, tukachimba mchanga, tukateka kikombe kwa kikombe, tukayabeba mgongoni kamba ya mtungi ikitukata paji la uso. Mimi nilienda shule bila kunawa, gari likabaki nyumbani limeshiba. Nililichukia kama unavyomchukia mtu.

Siku ya kumchukua Susu tulibeba mitungi miwili, mmoja wa gari na mmoja wa kunywa. Susu alipanda akicheka, amevaa leso mpya, kigoda chake miguuni. Hatukuwa tumeiacha Kyuso mbali mvuke ukaanza. Baba akamimina mtungi wa gari. Tukasogea kidogo, likachemka tena. Akaushika ule wa pili.

“Baba Mwende, hayo ni ya kunywa,” Mama alisema.

“Gari likifa hapa, tutakunywa nini?”

“Mwanangu, koo limenikauka,” Susu alisema kutoka kitini. “Nipe hata tone.”

“Vumilia, Mama. Tunafika sasa hivi.”

Akamimina yote. Yote! Susu akiangalia. Gari likaguna, likazima, na maji yetu yakatiririka chini, vumbi likayanywa. Tulikaa juani mpaka akapita mama mmoja na mkokoteni wa punda. Alimpa Susu maji kwa kifuniko cha mtungi, akatugeukia: “Gari kubwa hivi, na hamna maji ya mzee?” Baba aliinamisha kichwa ndani ya boneti. Susu alishuka taratibu, akaomba kigoda chake, akapanda mkokoteni na kurudi Kyuso. Baba alimbembeleza mara ngapi baadaye? Hakukubali. Alifia huko, na kile chumba tulichompigia rangi hakukiona.

Sasa naishi mjini Wote, nina kigari changu kidogo kisichonisumbua. Juzi nilikuwa nampeleka Baba kliniki, naye ameketi magoti yakigusa dashibodi, akaanza: “Lile letu lilikuwa na nafasi, bwana!” Hasira ilinipanda. Miaka yote hii, anachokumbuka ni nafasi? Baadaye akasema ana kiu, nikampa chupa. Akanywa mafunda mawili, akaifunga, akanirudishia bila kunitazama.

“Weka,” alisema polepole. “Gari lisije likachemka.”

Nilisimamisha gari kando ya barabara. “Kunywa yote, Baba!” nilimfokea, machozi yakinitoka. “Yote! Gari lingoje.”

Akanywa.