Barua ya Mwezi wa Sita Niliyoandika Mwezi wa Tisa

Baba alituachia nyumba ya vyumba viwili katika parsele, yaani kiwanja chetu, huko Kalundu, juu kidogo ya bandari, mimi na mdogo wangu wa kiume. Yeye alikuwa Kalemie, mimi nilikuwa nafundisha Kifaransa katika sekondari hapa Uvira, kwa hiyo mambo ya nyumba yalikuwa mikononi mwangu. Mpangaji wetu alikuwa mama mmoja fundi wa kushona, mzaliwa wa milimani, upande wa Mulenge. Aliishi na binti yake, na mashine yake aliiweka barazani, ambapo wake wa wachukuzi wa bandarini walimletea vitenge vyao.

Mkataba wetu ulikuwa wa mwaka mmoja, unaoisha siku ya mwisho ya mwezi wa tisa. Niliuandika mwenyewe, na kila neno nililijua. Asiyetaka kuendelea alipaswa kumpa mwenzake preavi, yaani barua ya kumwarifu, miezi mitatu kabla. Kama siku hiyo ya preavi ingepita kimya, mkataba ungejirudia wenyewe kwa mwaka mwingine. Ulikuwa umeshajirudia mara mbili, na sikuona ubaya, maana mama yule alikuwa mpangaji ambaye kila mwenye nyumba angemtamani.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa mdogo wangu akanipigia simu. Amepata kazi hapa bandarini, anakuja na mke wake, anataka nyumba.

"Preavi ilipashwa kutoka mwezi wa sita," nikamwambia.

"Dada, weye ni mwalimu. Barua inaweza kukushinda?"

Haikunishinda. Niliketi mezani mchana huo huo, nikaandika nakala mbili kwa Kifaransa safi, na juu, mkono wa kuume, nikaweka tarehe ya katikati ya mwezi wa sita. Nakumbuka kwamba nilifikiri sana kuhusu salamu ya mwisho, kama iwe ya heshima zaidi au ya kawaida. Kuhusu tarehe sikufikiri hata kidogo.

Nilimkuta akipinda ukosi wa shati. Nikamwambia mkataba unaisha, mdogo wangu anarudi, na hii ni karatasi ya kufuata sheria tu, asaini hapa. Alifuta mikono kwenye kitambaa, akaichukua, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilidhani Kifaransa kinamsumbua.

"Ni mwisho wa mwezi huu, madame?"

"Ndiyo, mama. Mkataba ni mkataba."

"Nilizania tutaendelea."

Nilimnyooshea kalamu. Alisaini, akanirudishia nakala yangu, na yake akaikunja akaitia katika mfuko wa nailoni pamoja na karatasi zake za vipimo. Siku ya mwisho ya mwezi alipakia mashine, godoro na masufuria juu ya kamyoneti, katika mvua nyembamba, akaenda Sange. Alikuwa amefagia vyumba vyote viwili. Nilimshukuru, naye akanitakia amani.

Mdogo wangu alikaa ndani ya nyumba ile muda usiofika miezi mitatu. Kazi ikamrudisha Kalemie, akapanda boti na mke wake, nikabaki na funguo mkononi. Hapo ndipo moyo ulianza kunisumbua. Watu wa avenyu, yaani mtaa wetu, waliponiuliza habari za fundi, nilisema alihama. Jirani mmoja akacheka: "Kuhama? Sisi tunajua alishindwa kulipa. Si ndiyo sababu ulimutoa mu siku chache?" Nilipaswa kumkatiza. Nilisema tu kwamba nina haraka, darasa linanisubiri.

Nilivumilia mwezi mzima, kisha Jumamosi moja nikapanda basi dogo mpaka Sange. Nilimpata karibu na soko, chini ya hema la plastiki, anashona sare za shule. Binti yake alinipa kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, lakini nilipoketi yalitoka ovyo: kwamba barua ile niliiandika mwezi wa tisa, kwamba nilimdanganya, kwamba alikuwa na haki ya kubaki mwaka mzima mwingine.

Hakusimamisha mashine mpaka mshono ulipofika mwisho. Kisha akauvuta mfuko wa nailoni, akatoa ile nakala, akaninyooshea.

"Kifaransa ya maneno inanishinda kidogo," akasema. "Lakini namba hapana. Minye napima bantu kila siku. Tarehe niliiona pale pale."

"Kwa nini hukusema?"

"Soma tarehe yako, madame. Siku hii minye nilikuwa wapi?"

Nilisoma. Bado sikuelewa.

"Nilikuwa kule mulima, tunazika mama yangu. Ufunguo wa nyumba nilikuachia weye. Ulinipa hata pole, ulinipa na sukari ya kupeleka kwa kilio."

Ni kweli. Nilikuwa nimeipima ile sukari kwa mikono yangu, nikamsindikiza mpaka barabarani. Na miezi mitatu baadaye, nilipotafuta siku ya kuweka juu ya uongo wangu, niliichukua siku ya mazishi ya mama yake bila kukumbuka. Niliikunja ile nakala, nikamrudishia.

"Nilipoiona," akaendelea, "nikajiuliza: nikikatala, nitabaki mu nyumba ya muntu mwenye ananidanganya. Kila asubui tutaamkiana namna gani? Nikasaini."

Nikamwambia nyumba iko tupu, arudi hata kesho. Akatikisa kichwa. Binti ameanza shule huku, na wateja wameanza kumzoea.

"Kitu kimoja tu. Kule Kalundu banasema minye nilikimbia deni ya nyumba. Hata bamama wenye kuimba koro kanisani banasema. Uende kwa chefu wa avenyu, useme kweli. Usiseme tulielewana vibaya. Useme namna umenieleza minye hapa."

Nilikwenda Jumatatu jioni. Chefu alikuwa uani kwake na wanaume wawili na yule jirani aliyecheka. Nilisema yote nikiwa nimesimama: barua, tarehe, mazishi. Chefu alijikuna shavu. "Mwalimu, mambo haya yalikuwa yameshaisha, ungeacha tu." Jirani aliaga mapema, na siku iliyofuata mjini kote walijua. Jumapili nilikwenda kwenye kanisa alilokuwa akisali fundi, ingawa mimi ni Mkatoliki, nikawaambia wanawake wa koro baada ya ibada. Mmoja wao alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka akaondoka bila kuniaga.

Niliporudi Sange, habari zilikuwa zimenitangulia. Fundi aliniambia amesikia, akanishukuru, akaniuliza kama wanafunzi wangu wanaendelea vizuri. Tuliongea juu ya mpunga wa mwaka ule, uliokuwa umechelewa. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Muda wote huo aliendelea kushona, na nilipoaga alimwita binti yake anisindikize mpaka kwenye basi.