Siku Mama Mkwe Aliponishikia Spana

Mama mkwe wangu alipokuja kijijini kwetu Mofu, mimi nilihamia kwenye stoo ya mashine. Ndiyo adabu niliyolelewa nayo: mkwe wa kike hulali naye paa moja, huketi naye kupiga soga, na mkikutana njiani mmoja anapisha. Vijana wa mjini wanacheka wakisikia hivyo. Siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Mimi sikuweza. Nilikuwa naendesha mashine ya mtu ya kukoboa mpunga, na kwa kuwa mavuno yalikuwa hayajaingia, stoo ilikuwa wazi. Nikatandika mkeka wangu juu ya magunia na kujiona muungwana.

Alikuwa ametoka upande wa Mahenge kwa sababu mke wangu alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo mno, na hospitali mjini Ifakara wakawabakiza wodini, mtoto akiwa amefungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto. Mama mkwe alikaa nao mwanzoni, kisha dada wa mke wangu akampokea zamu, naye akaja kwetu kuiandaa nyumba. Chakula changu alikuwa akikiacha juu ya kigoda kibarazani, anakohoa kidogo ili nijue, kisha anaingia jikoni. Nilikuwa nikimwamkia kwa mbali, shikamoo mama, anaitikia marahaba baba, na mazungumzo yetu ya siku yanaishia hapo.

Siku moja asubuhi mke wangu akapiga simu. Kesho yake walikuwa wanaruhusiwa. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu ajifungue, ila nesi alikuwa amesisitiza kwamba mtoto asirushwerushwe njiani, basi na pikipiki tuvisahau. Akaniuliza kama gari letu limepona. Nikamjibu kwamba kesho litakuwa limepona. Bushi mpya wakati huo zilikuwa bado kwenye boksi lake, juu ya kabati.

Niseme kidogo kuhusu bushi kwa asiyezijua. Chini ya gari, gurudumu la mbele linashikwa na mkono wa chuma ambao mafundi wanauita amu. Kwenye tundu la amu kunakaa bushi, mpira mnene uliovikwa ganda la chuma, ili gari lipite kwenye mashimo bila chuma kugonga chuma. Za kwetu zilikuwa zimekufa kabisa. Kila shimo nilikuwa nalisikia kwenye meno, na gurudumu lilikuwa linayumba kiasi kwamba fundi wa mjini alinikataza kwenda nalo mbali. Presi yake, mashine ya kusukumia bushi, ilikuwa mbovu. Njia aliyobaki nayo ilikuwa nyundo, na nyundo hiyo ilikuwa imeshaniharibia bushi moja, ganda likapinda na mpira ukachanika, tukakaribia kushikana mashati. Nikaapa kwamba mtu hanigongei tena.

Kwenye simu nilikuwa nimeona video ya mzee mmoja, lugha yake siijui, akitoa bushi kwa bolti ndefu na kipande cha bomba. Maneno hayakuhitajika. Bolti inapita katikati ya bushi. Upande mmoja unaweka bomba pana kuliko bushi, upande wa pili unaweka chuma kinacholingana na ganda lake. Ukikaza nati, bushi inavutwa taratibu mpaka inaingia ndani ya bomba. Hakuna kugonga.

Namshukuru mwenye mashine kwa tabia yake ya kutotupa kitu. Kwenye debe lake la vyuma chakavu nilipata bolti ndefu iliyowahi kufungia injini ya zamani, na nati zake. Bomba nililikata kwa msumeno wa chuma kutoka kwenye pampu ya kisima iliyokufa. Kwa upande wa pili nilianza na washa, zile pete bapa za kuwekwa chini ya nati, lakini zilikuwa nyembamba, nilipokaza zikabonyea kama visahani. Nikarudi kwenye debe, nikachokonoa, nikakuta beringi iliyovunjika. Pete yake ya nje ililingana na ganda la bushi utadhani zimezaliwa pamoja. Nilifurahi peke yangu, nikaipaka grisi bolti, nikaifungua amu nikaiweka chini uani, nikaanza.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikizungusha nati, bolti nayo inazunguka. Lazima mtu mwingine ashike kichwa cha bolti kwa spana ya pili, na mtu mwingine hakuwepo. Wakati ule wa mwaka kijiji kinahamia mashambani. Watu wanalala kwenye madungu kulinda mpunga dhidi ya ndege, nyumba zinabaki na kuku. Nikaibana spana kwa mawe, ikachomoka. Nikaifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye mti wa uzio, ikafyatuka ikanipiga muundi. Nikatukana kwa Kindamba, matusi ya moyoni kabisa, nikijua niko peke yangu.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Alikuwa mama mkwe, ameshika ndoo. Yeye ni Mpogoro, na bahati mbaya lugha zetu zinasikilizana. Nilitamani niingie ndani ya lile bomba. Yeye akaitua ndoo, akaniuliza, "Baba, hiyo spana ya pili anashika nani?"

Nikamwambia hakuna. Akaikaza kanga yake kiunoni, akavuta kigoda, yaani kile kile cha chakula changu, akaketi upande wa pili wa amu na kunyoosha mkono. Nikampa spana kwa mikono miwili, macho chini, kama mtoto wa shule anayepokea zawadi. Ile amu ni fupi. Magoti yetu yalikaribia kugusana, na hapakuwa na namna nyingine ya kuifanya kazi ile.

Bushi ya kwanza ilikuwa imeshikamana kwa kutu. Tulikaza, haikusogea. Tukakaza tena, mishipa ikanitoka shingoni, na mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikaitupa spana, nikainyanyua nyundo.

"Weka nyundo chini," akasema. Hakupaza sauti. "Huyu mtoto hatumpokei kwa kugonga."

Nikaiweka. Jasho likiwa linatukauka, akaanza kunisimulia bila mimi kumuuliza. Mke wangu naye, akasema, alizaliwa hajafika wakati wake. Siku ya kutoka hospitali Mahenge, lori la kwenda kijijini kwao lilikuwepo na watu wakamwita apande. Alilitazama lile lori, akaitazama na barabara, akakataa. Alimfunga mtoto kifuani akatembea naye mpaka nyumbani, anapumzika kila penye kivuli, wanawake wanaompita wakimwona mgonjwa wa akili. "Mimi sikuwa na gari," akasema. "Wewe unalo. Kaza."

Sijui kama ni grisi iliyokuwa imepenya au ni nini, lakini tulipokaza safari hiyo chuma kililia, nikadhani bolti imekatika, na kumbe bushi ilikuwa imesogea. Ilitoka upana wa ukucha, kisha upana wa kidole, halafu ikadondokea ndani ya bomba. Mama mkwe akacheka. Nilikuwa nimeoa kwake miaka kadhaa na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Tulipokuwa tunaingiza mpya, tukiwa tumelowesha ganda kwa maji ya sabuni na kugeuza chombo upande wa pili, yeye ndiye aliyekuwa akinikemea nisiharakishe, bushi isije ikaingia upande. Alikuwa ameshaelewa kazi, na alikuwa anaipenda. Jua lilipokwenda magharibi amu zote mbili zilikuwa zimerudi mahali pake, na kanga yake ilikuwa na grisi ambayo haijawahi kutoka.

Asubuhi tukaenda mjini pamoja, yeye amekaa kiti cha nyuma. Mke wangu alipotuona tumeteremka gari moja alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akaamua kutouliza. Nikashukuru manesi mpaka wakaniambia inatosha. Wakaketi nyuma wote wawili, mtoto kifuani kwa mama yake, mkono wa bibi juu ya mgongo wake.

Niliendesha kama niliyebeba mayai. Tukapita kijiji cha Namawala. Mbele ya hapo kuna kipande cha barabara ambacho mvua ilikuwa imekichimba vibaya, na nilikuwa nimekiogopa tangu simu ya jana. Nikapunguza mwendo, nikaingia kwenye shimo la kwanza nikiwa nimebana pumzi. Gari likashuka, likapanda, kimya. Hakuna chuma kilichogonga chuma. La pili vivyo hivyo, na yaliyofuata, mpaka tukatokea kwenye ardhi tambarare yenye mpunga huku na huku.

Nikasimamisha gari pembeni. Machozi yalikuwa yananizuia kuona barabara. Yalinijia yote kwa pamoja, zile siku za wodini, hofu niliyokuwa sijamwambia mtu, na shukrani kwa Mungu na kwa huyu mama ambaye nilimheshimu kwa kumkwepa. Nilimshukuru kwa sauti, palepale, nikiwa nimempa kisogo. Mke wangu akashtuka, akaniita, akataka kujua nina nini.

"Mwache alie kidogo, mwanangu," mama yake akamwambia. "Mtoto hajaamka."